Shajara ya mradi: kufanyia kazi nyumbani bila siku kumomonyoka

5 Januari: Hali ilivyo

Ninahariri miongozo ya watumiaji wa programu za kompyuta. Timu yetu haina tena ofisi, kila mtu yuko kwake. Kazi yenyewe naipenda. Asubuhi naanza mapema na usiku bado niko mezani, lakini kurasa zinazokamilika ni chache kuliko zile nilizokuwa nakamilisha ofisini, ambako nilikuwa naondoka saa 11 jioni bila kubeba chochote. Saa zinaingia nyingi, kazi inatoka kidogo. Mradi huu ni wa kutafuta zinakopotelea, kisha kuziba.

Nitaandika kila hatua inapomalizika. Yatakayokwenda vizuri nitayataja kwa haraka; yatakayogoma nitayaeleza kwa kirefu, kwa sababu hayo ndiyo yatakayomwokolea muda anayetaka kuiga. Gharama nitaihesabu zaidi kwa saa na usumbufu. Ya fedha inategemea mtu tayari ana nini ndani.

Kabla ya kuanza nilirudi kusoma jaribio linalotajwa sana kila mada hii inapozuka. Mwaka 2015, Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika kampuni ya usafiri ya Ctrip, China. Wahudumu wa simu walifanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki kwa muda wa miezi tisa, na utendaji wao ukapanda kwa 13%. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na kufanya dakika nyingi zaidi ndani ya zamu, maana mapumziko na siku za kuugua zilipungua. Watu hunukuu hiyo 13% wakaishia hapo. Mimi naona uzito uko kwenye masharti: aliyetaka kushiriki alipaswa kuwa na chumba cha kufanyia kazi peke yake na intaneti ya kasi. Tena jaribio lilipokwisha wafanyakazi wakaruhusiwa kuchagua upya, zaidi ya nusu walibadili mahali, na faida ikapanda hadi 22%. Maana yake ni kwamba nyumba humsaidia mwenye chumba na aliyeichagua. Mimi nimeichagua. Chumba sina.

12 Januari: Kupima

Nilianza na programu inayorekodi muda wenyewe kwenye kompyuta. Haikufaa. Inajua dirisha gani limefunguliwa, haijui kichwa kiko wapi. Iliniandikia saa nzima ya "uhariri" wakati faili lilikuwa wazi nami niko uani naanua nguo.

Nikahamia kwenye daftari. Kila ninapoiacha kazi naandika saa na sababu. Nikirudi naandika tena. Inachosha, na siku za mwanzo ilinila muda, lakini hakuna kilichonifundisha zaidi ya hicho. Hiki ni kipande cha ukurasa mmoja, kama kilivyo:

3:10 naanza sura ya usakinishaji
3:22 mlangoni, mzigo wa jirani
3:31 ujumbe wa timu, nimejibu
3:40 "Mama, chaja iko wapi?"
3:44 nimerudi, sijui nilikuwa sentensi ipi
4:02 ujumbe tena, haukuwa wa haraka
4:05 mvua, nguo kambani

Ukiutazama ukurasa huo utaona kukatizwa kwenyewe ni kwa dakika mbili, tatu. Kinachogharimu ni kurudi. Mtafiti Sophie Leroy alilieleza hili mwaka 2009: mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, hasa kama ile ya kwanza haijaisha, sehemu ya umakini wake hubaki nyuma. Kwa hiyo ukiulizwa chaja iko wapi ukajibu kwa nusu dakika, hujapoteza nusu dakika tu. Umepoteza muundo mzima wa sura uliokuwa umeushikilia kichwani, na inabidi uujenge upya kuanzia chini.

Jambo la pili lililojitokeza: watoto hawakuwa chanzo kikubwa zaidi. Ujumbe wa kazini uliwazidi. La tatu nilianza kuliona kwenye kurasa za jioni, ambako maandishi yanazidi kuwa hafifu lakini hayakomi. Saa 1, saa 2, saa 3 usiku, bado kuna mistari. Hilo nimeliweka pembeni kwanza. Nimeanza na chumba kwa sababu ndicho kilichoonekana rahisi.

26 Januari: Mahali pa kukaa

Meza ya kulia chakula ilishindwa mapema. Kila mlo ni kufunga na kufungua: kompyuta, waya, karatasi, miwani. Chumbani kulikuwa na utulivu, lakini kazi ilihamia kitandani. Nikilala naiona kompyuta, nikiamka usiku naikumbuka sura. Usingizi ulipoanza kukatika niliacha.

Ikabaki stoo. Kuna dirisha dogo, mlango unaofunga, na nafasi ya meza ndogo ya kukunja. Gharama kubwa hapa ilikuwa mjadala wa vitu viende wapi, kwa sababu kila kilichokuwemo kilikuwa na mwenyewe na kilikuwa na sababu ya kutotupwa. Jumamosi nzima iliishia humo.

Kupanga meza kulikuwa kwepesi, kwa hiyo kwa ufupi: dirisha likae ubavuni. Likiwa mbele linaumiza macho. Likiwa nyuma linamulika skrini, na kwenye kikao cha video uso unakuwa kivuli. Kompyuta mpakato ina tatizo la kuzaliwa nalo, skrini na kibodi vimeshikamana, kwa hiyo ukiinua skrini ili shingo ipone, mikono inaning'inia. Dawa yake ni kuiinua juu ya vitabu mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, kisha kutumia kibodi na kipanya vya pembeni, viwiko vikiwa vimekunjwa karibu nyuzi 90. Kiti ni kile kile cha mezani, na taulo iliyoviringishwa nyuma ya kiuno.

Yaliyonichukua muda ni mawili ambayo sikuyatarajia.

La kwanza ni usingizi. Tangu nihamie stoo, kabla hata ya chakula cha mchana kope zilikuwa nzito na nilikuwa nasoma sentensi moja mara kadhaa. Nikalala mapema zaidi, haikusaidia. Nikabadili saa za kula, haikusaidia. Rafiki yangu aliniazima kifaa cha kupimia hewa ya ukaa. Hewa ya nje huwa na takriban ppm 420, yaani sehemu 420 za hewa ya ukaa katika kila sehemu milioni. Stoo yangu, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa ili kuzuia kelele, ilivuka 1,500 kabla ya adhuhuri. Chumba kidogo na mtu mmoja anayepumua humo tangu asubuhi, hewa haina pa kwenda. Sasa dirisha halifungwi kabisa, na kila ninapopumzika nauacha mlango wazi. Kelele kidogo inaingia, naimaliza kwa hedifoni. Ule uzito wa kope umekwisha. Kwa anayeiga: ukisinzia ndani ya chumba kidogo, chunguza hewa kabla ya kujilaumu.

La pili ni intaneti. Stoo iko mbali na ruta, na katikati kuna kuta mbili. Vikao vilikuwa vinakatika. Ruta nyingi za waifai hurusha mawimbi ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Ya 5 GHz yana kasi lakini ukuta unayanyonya, ya 2.4 GHz yanapenya vizuri zaidi, ila ni ya polepole na yanagombania njia na maikrowevu, Bluetooth na ruta za majirani. Nilipohamia 2.4 GHz mawimbi yalinifikia, kisha yakawa yanayumba kila jikoni wanapopasha chakula. Nikaisogeza ruta juu ya kabati, ikapata nafuu kidogo tu. Mwishowe nilitandaza waya wa mtandao kando ya ukuta, toka ruta mpaka mezani. Kazi ya alasiri moja. Ningeanza upya ningekwenda moja kwa moja kwenye waya.

8 Februari: Mlango

Chumba chenye mlango hakitoshi kama watu wa ndani hawajui mlango una maana gani. Tunaishi na mama mkwe na watoto, na baba watoto naye hufanyia kazi nyumbani baadhi ya siku. Kauli niliyokuwa naisikia zaidi ni "si upo tu ndani". Haina ubaya wowote. Mtu akikuona umekaa, kwa macho yake umekaa.

Jaribio la kwanza lilikuwa tangazo: kuanzia asubuhi hadi jioni nisiitwe ila kwa dharura. Halikudumu. Kwa mtoto, asubuhi mpaka jioni ni muda usio na mwisho, kwa hiyo kila jambo likawa dharura. Kwa mtu mzima lilisikika kama kufungiwa mlango na mkwewe.

Jaribio la pili lilikuwa kibao kilichoandikwa "Niko kazini". Kikaning'inia siku nzima, na kitu kisichobadilika watu huacha kukiona.

Kilichofanya kazi kilitoka kwa mama mkwe mwenyewe. Nilikaa naye barazani jioni moja nikamweleza kazi yangu ni nini, nikamwonyesha ukurasa kabla ya kuhaririwa na baada ya kuhaririwa. Alisoma zote mbili taratibu.

"Mwanangu, mimi nilikuwa nakuona umekaa, nikajua unasomasoma tu. Kumbe hii ni kazi ya kichwa."

"Ndiyo mama. Nikiitwa katikati, inabidi nianze upya."

"Basi usiniambie nisikuite. Niambie unatoka saa ngapi, nami nitakusubiri."

Sasa mlangoni pana ubao mdogo, na juu yake hakuna neno la kukataza. Kuna saa tu: *Natoka 5:15*. Saa hiyo ikifika natoka kweli, hata kama sentensi haijaisha, kwa sababu nikichelewa ubao unapoteza heshima yake. Mtoto wangu mdogo amejifunza kusoma saa kwa ubao huo. Mama mkwe ndiye mlinzi wake mkuu, namsikia nikiwa ndani akisema, "Mwache, anatoka tano na robo."

Na baba watoto tulihitaji mapatano ya maandishi. Siku anazokuwepo tulikuwa tunategeana: kila mmoja anadhani mwenzake ataitika. Sasa asubuhi ni zamu yake ya kuitika, alasiri ni yangu, imebandikwa kwenye friji. Vyombo, nguo na kufagia vina muda wake mchana na jioni, havifanywi katika mapumziko mafupi. Nilijaribu kuvifanya katika mapumziko hayo. Ukianza kuosha sufuria huwezi kuiacha nusu, na dakika tano zinakuwa arobaini.

23 Februari: Vipande vya muda

Nilianza na mbinu ya Pomodoro, ambayo Francesco Cirillo aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, akitumia kipima muda cha jikoni chenye umbo la nyanya. Unafanya kazi dakika 25, unapumzika 5, na baada ya vipande vinne unapumzika kwa muda mrefu zaidi.

Kwa barua pepe, kusahihisha majedwali na kukagua viungo, ni nzuri sana. Kwa kuhariri sura ndefu ilinikwamisha. Dakika 25 ndizo ninazohitaji ili nishike mtiririko wote wa sura: hatua ya 9 inategemea nini kilichosemwa hatua ya 2, jina gani la kitufe limetumika wapi. Ninapoanza kuona tatizo liko wapi, kengele inalia. Kupumzika hapo ni kujikatiza mwenyewe.

Kwa hiyo sasa nina aina mbili za vipande. Kazi ndogo ndogo zinapata dakika 25. Kazi nzito inapata kati ya dakika 50 na saa moja na nusu, na ubao wa mlangoni ndio kipima muda chake. Vya pili naviweka asubuhi tu. Nilijaribu kuviweka na alasiri, lakini ubora ulishuka kiasi kwamba kesho yake nilikuwa narudia.

Kilicholeta tofauti kubwa kuliko urefu wa vipande ni karatasi ndogo. Kabla sijatoka, hata kama naitwa, naandika sentensi moja ya kuniambia nikirudi nianzie wapi. Si "endelea na sura ya 4", hiyo haisaidii kitu. Ni kama hii ya juzi:

*Ukirudi: hatua ya 6 inamwambia msomaji abonyeze Hifadhi, lakini dirisha lenye kitufe hicho halifunguliwi mpaka hatua ya 8. Badilisha mpangilio, kisha kagua picha ya 3.*

Nikirudi nasoma, na mkono unaanza kabla sijapata nafasi ya kusitasita. Kwenye daftari, pengo kati ya kukaa na kuanza kazi kwa kweli limefupika sana. Jambo hili linafanana na alichokieleza mwanasaikolojia Peter Gollwitzer katika makala yake ya mwaka 1999: mpango uliofungwa kwenye tukio maalumu, "ikitokea hivi nitafanya vile", hutekelezwa kwa urahisi kuliko nia ya jumla. Asubuhi yangu sasa ina mpango wa aina hiyo: nikishaweka kikombe mezani, nafungua karatasi ya jana kabla ya kufungua kitu kingine chochote.

Simu katika mapumziko haikufaa. Narudi na kichwa kimejaa habari za watu. Mapumziko yanayonifaa ni kusimama, kunywa maji, kufungua mlango, na kutazama mbali kupitia dirisha. Madaktari wa macho hupendekeza kila baada ya dakika 20 kutazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Hilo nalifanya hata katikati ya kipande kirefu, nalo halikatizi chochote.

10 Machi: Ujumbe na vikao

Daftari lilikuwa limeshasema ujumbe ndio mkatizaji mkuu, kwa hiyo nilizima arifa zote. Kwa upande wangu asubuhi zilikuwa tulivu ajabu. Kwa upande wa timu, mwenzetu mmoja alikaa nusu siku akisubiri idhini yangu ili apeleke kazi kwa mteja, na wengine wakaanza kuulizana kama nipo. Hapa ndipo nilipoona kwamba ofisini watu walikuwa wananiona, na kule kuonekana kulikuwa kunafanya kazi. Mtu alijua nimeinama mezani, alijua nitanyanyuka, alisubiri. Mbali hakuna anayeniona. Nikinyamaza, ukimya wangu hauna maelezo.

Tulikubaliana hivi kama timu. Ujumbe unasomwa kwa saa zinazojulikana; kwangu ni saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9:30 alasiri. Jambo lisiloweza kusubiri linapigiwa simu, na tangu tukubaliane simu hizo zimekuwa chache mno. Kila asubuhi kila mtu anaweka mistari mitatu: ninafanya nini leo, nitapatikana saa ngapi, nimekwama wapi. Mstari wa tatu ndio wenye thamani, kwa sababu unamwezesha mwingine kunikwamua bila mimi kuitisha kikao.

Tulibadilisha pia namna ya kuuliza. Mtu anayeandika "Habari, upo?" anamwachia mwenzake wasiwasi, na swali lenyewe linakuja saa mbili baadaye. Sasa tunaandika yote kwa mara moja: swali, faili lilipo, nilichokwisha kujaribu, na jibu linahitajika lini. Wa upande wa pili akisoma saa 6, anajibu saa 6 na jambo limekwisha.

Vikao vya video vilikuwa vinaniacha hoi kuliko vile vya ana kwa ana, na nilidhani ni umri. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Stanford alitaja sababu nne zinazowezekana: nyuso kuwa karibu mno na zinakutazama muda wote, kujiona mwenyewe mfululizo, kukaa bila kusogea, na juhudi ya ziada ya kutuma na kusoma ishara za mwili. Nilificha picha yangu mwenyewe, nikapunguza ukubwa wa dirisha. Nafuu ilikuja siku ile ile. Mazungumzo ya watu wawili tunayafanya kwa sauti tu, nami natembea uani.

Kikao cha taarifa cha kila wiki tulijaribu kukigeuza waraka. Wiki ya kwanza waraka uliandikwa vizuri na karibu hakuna aliyeusoma. Tukarudisha kikao, lakini dakika kumi za mwanzo ni za kusoma kimya, wote tukiwa kwenye simu moja, kisha tunazungumzia yaliyo na utata tu. Kimekuwa kifupi na watu wanakuja na hoja. Vikao vyote nimevisukuma alasiri, mwili unapokuwa umepungua nguvu kwa asili yake, ili asubuhi ibaki ya sura.

28 Machi: Mwisho wa siku

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko kote, na ndipo ninapotaka anayeiga asome kwa makini.

Pamoja na yote hayo, kurasa za jioni kwenye daftari zilikuwa bado zinaendelea. Asubuhi imepata nguvu, lakini saa 2 usiku niko stoo "namalizia". Kengele ya saa 11 jioni ilikuwa ya kwanza kujaribiwa: unaizima kwa kidole huku unasoma, mwili hata haujui imelia. Kisha nikawa nazima kompyuta kabisa. Kazi ikahamia kwenye simu. Nikaondoa akaunti ya kazi kwenye simu. Hapo kazi ilibaki kichwani: naosha vyombo nikiwaza hatua ya 6, naulizwa jambo na mwanangu naitikia bila kusikia. Hiyo ndiyo gharama ambayo sitaki kuilipa tena, na ndiyo iliyonifanya niufungue mradi huu kwanza.

Marekebisho yalikuwa mawili, na moja bila jingine halikutosha.

La kwanza ni kufunga kazi kwa maandishi. Wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba lengo ambalo halijatimizwa huendelea kuingilia mawazo, lakini likishaandaliwa mpango mahususi mwingilio huo hupungua, hata kama lengo lenyewe bado. Kazi haihitaji kuisha ili ikuachie. Inahitaji kujua itashughulikiwa lini na vipi. Kwa hiyo robo saa ya mwisho si ya kuhariri. Naorodhesha kila kilichobaki wazi, kila kimoja nakipa siku yake, kisha naandika karatasi ya kesho asubuhi kama zile za mapumziko. Kisha kompyuta inaingia kwenye droo na mlango unafungwa kwa nje.

La pili ni mtu anayesubiri. Ofisini kulikuwa na gari la kuwahi, na safari ya kurudi ilikuwa inanisafisha kichwa bila mimi kuipangia. Nyumbani hakuna gari. Nilimwomba mama mkwe tutembee pamoja kila siku saa 11:15 jioni, naye daktari wake alikuwa ameshamwambia atembee. Kengele huzimwa, lakini mzee aliyekwisha kuvaa viatu na kukaa barazani humwambii asubiri. Tunazunguka mtaa, tunarudi, na nikiingia ndani nimetoka kazini.

Matokeo ambayo sikuyapangia yalikuja asubuhi. Siku yenye ukingo unaoonekana huanza tofauti. Nikijua saa 11:15 nitakuwa nje, saa 3 asubuhi siwezi kujiambia kwamba sura hii nitaimalizia usiku. Usiku haupo tena kwenye hesabu. Ninachagua mapema kipi kifanyike na kipi kiachwe, na maamuzi hayo ndiyo yaliyokuwa yanakosekana muda wote nilipokuwa narekebisha taa na waya. Kwa hiyo, anayeiga mradi huu aanzie hapa. Aweke mwisho wa siku kabla hajagusa meza.

20 Aprili: Kupima tena

Nimerudia daftari kwa namna ile ile ya Januari. Saa za kukaa mezani zimepungua waziwazi. Sura zinazokamilika kwa wiki zimerudi kiwango cha ofisini, na wiki nyingine zinakizidi. Kukatizwa asubuhi bado kupo, lakini mistari ya "sijui nilikuwa sentensi ipi" imekuwa adimu. Kurasa za jioni ni tupu.

Niliyoyaacha kwa kukosa faida: ile programu ya kurekodi muda, muziki wa kutuliza akili ambao niliishia kuusikiliza badala ya kusoma, na ratiba iliyojazwa kila nusu saa, ambayo ilivunjika kila mtoto alipoumwa na kuniachia hisia ya kushindwa bila sababu.

Bado halijatatuliwa moja la uzito: upweke. Kulikuwa na maarifa niliyokuwa nayapata kwa kupita tu karibu na meza ya mtu, na hakuna waraka unaoyabeba. Mimi na mwenzangu mmoja tumeanza kufanya kazi siku moja kwa wiki tukiwa na simu ya sauti iliyo wazi, kila mtu na lake, tukisemeshana pale tu jambo linapotokea. Inaelekea kusaidia, lakini ni mapema kuhukumu.

Linalofuata ni likizo ya shule. Mpango wote huu umejengwa juu ya asubuhi ambazo watoto hawapo. Tumekubaliana na baba watoto kwamba wakati wa likizo kazi nzito itahamia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, kabla nyumba haijaamka, ubao wa mlangoni utabaki na vipande vifupi tu, na matembezi ya saa 11:15 hayatasogezwa. Timu nimeshaiarifu. Nitaandika likizo itakapokwisha.